Gavana Yupi? Mwongozo kwa Wasiojihadhari

Mgeni aliyejifunzia Kiswahili vitabuni akishuka stendi ya Nakuru, si ajabu akayasikia haya yote kabla hajapata chai: gavana amekataa kutia sahihi, gavana haisomi, gavana ameitwa na maseneta, gavana imekatwa waya, gavana anahutubia, gavana imeungua fyuzi. Akidhani habari hizo zinamhusu mtu mmoja, atamwonea huruma sana. Mwongozo huu ni kwa ajili yake, na pia kwa Wakenya wenyewe, ambao wamelizoea neno hili hadi hawakumbuki tena kuuliza: gavana yupi?

Kipimo cha kwanza ni cha sarufi. Gavana mwenye damu hupatanishwa kama mtu, gavana ya chuma hupatanishwa kama kitu. "Gavana ameharibika" ni shauri la bunge la kaunti. "Gavana imeharibika" ni shauri la fundi. Ukilishika hilo, nusu ya aibu umeshaikwepa. Kipimo hiki kinafanya kazi vizuri Lamu, Mombasa na Unguja. Nairobi usikitegemee hata kidogo, maana huko hata askofu "imefika" na hata mkwe "imekasirika", kwa hiyo gavana iliyoharibika yaweza kuwa ya aina yoyote kati ya hizo mbili. Ukiwa Nairobi, tazama mikono ya msemaji. Ikiwa na grisi, anazungumzia gari.

Kwa kufuata itifaki, tuanze na mwenye damu. Gavana wa kaunti alizaliwa na Katiba ya mwaka 2010, na kundi la kwanza, watu 47, lilichaguliwa Machi 2013. Kumtambua si kazi ngumu. Tafuta bango la barabarani lenye uso mkubwa kuliko barabara inayozinduliwa. Uso huo huo utauona ubavuni mwa ambulensi, kwenye tangi la maji, na juu ya mlango wa soko ambalo bado halijafunguliwa. Zamani kidogo ungemtambua pia kwa bendera iliyopepea kwenye gari lake, lakini mwaka 2014 sheria ilibadilishwa na magavana wakaondolewa katika orodha fupi ya wanaoruhusiwa kupeperusha bendera ya taifa garini. Hasara hiyo ilifidiwa kwa urefu wa msafara.

Mtego mkubwa kwa asiyejihadhari ni kumwendea gavana na shida isiyo yake. Umeibiwa ng'ombe? Polisi si wake. Katika mji huo huo yuko kamishna wa kaunti, mtu wa serikali kuu, na wawili hawa huketi meza kuu moja siku za sikukuu wakitabasamu kwa tahadhari. Mwalimu wa darasa la nne si wake, ila yule wa chekechea ni wake. Barabara kuu si yake, ila kijia kinachotoka barabara kuu hadi kwako ni chake, jambo utakalolielewa vizuri zaidi mvua ikinyesha. Wauguzi na madaktari wa hospitali za kaunti ni wake kabisa, mpaka mishahara ichelewe. Hapo watakuwa wa Hazina ya Taifa kwa wiki tatu, kisha watarudishwa.

Kuhusu fedha, Katiba inasema kaunti zote kwa pamoja zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Wasomaji wepesi huishia hapo. Endelea kusoma: asilimia hiyo hupigwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge la Taifa, na hesabu hizo si za mwaka jana. Ni kama kumpimia kijana suruali kwa urefu aliokuwa nao siku ya kutahiriwa. Magavana wamelilalamikia jambo hili kwa haki, ingawa wanapoulizwa suruali ya juzi ilikokwenda, mazungumzo hubadilika.

Na gavana huyu hufungwaje breki? Kwa maandishi, vizuri sana. Theluthi mbili ya wawakilishi wadi wakikubaliana, mashtaka yanapelekwa Seneti, na Seneti ikiyathibitisha, kiti kiko wazi. Wa kwanza kuonja alikuwa Martin Wambora wa Embu. Mwaka 2014 aling'olewa, akaenda mahakamani, akarudi ofisini. Akang'olewa tena mwaka huo huo, akarudi tena. Mwaka 2017 wapiga kura wa Embu wakamchagua upya, akamaliza mihula yake miwili. Ferdinand Waititu wa Kiambu na Mike Sonko wa Nairobi hawakuwa na bahati hiyo. Wote wawili walitolewa mwaka 2020, mmoja Januari na mwingine Desemba. Msomaji asijipe matumaini makubwa wala asikate tamaa. Kifaa kipo, ila hufanya kazi siku fulani tu, na haijulikani ni zipi.

Ipo breki nyingine, ya mihula miwili tu. Hii haina rufaa. Lakini chunguza waliofungiwa nayo mwaka 2022 walielekea wapi. Jackson Mandago wa Uasin Gishu na Ali Roba wa Mandera walihamia Seneti, yaani katika chumba kile kile kinachowaita magavana kujieleza. Salim Mvurya wa Kwale aliingia Baraza la Mawaziri mwaka huo huo, na Hassan Joho wa Mombasa akafuata mwaka 2024. Basi ukisikia "gavana wa zamani", usidhani amekwenda shambani.

Sasa tuje kwa gavana ya chuma, ambayo kwa maoni yangu imeonewa. Jina lake kamili ni spidi gavana. Wenye Kiswahili cha ofisini huiita kidhibiti mwendo, na jina hilo utalikuta kwenye barua tu. Iliingia maisha ya Wakenya kwa kishindo kupitia kanuni zilizotangazwa mwaka 2003 na waziri wa uchukuzi, John Michuki, zikaanza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004: mikanda kwa kila kiti, mstari wa manjano ubavuni, sare kwa dereva na makanga, na gavana isiyoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Wiki hiyo ya kwanza matatu nyingi zilikaa gereji na watu wakaenda kazini kwa miguu, wengine wakiimba. Kwa muda fulani, abiria wa viti 14 walikuwa abiria 14. Wazee bado huusimulia wakati huo kama watu wa pwani wanavyosimulia enzi za mashua zilizojaa karafuu.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi. Kipo kihisio kinachosoma mwendo wa magurudumu, kwa kawaida kwenye gia. Kipo kisanduku kidogo kinachofanya hesabu. Na kipo kinachobana mafuta mwendo ukizidi. Dereva akanyage atakavyo, injini haimsikilizi. Kifaa hicho hakina chama, hakina kabila na hakimjui mjomba wa mtu yeyote.

Kwa sababu hiyo hiyo, hakikudumu. Kitu kinachotegemea waya hukatwa waya. Kitu kinachotegemea fyuzi hung'olewa fyuzi, ikatiwa mfukoni, na ikarudishwa mita mia moja kabla ya kizuizi cha polisi. Madereva wenye ustaarabu zaidi hufungiwa swichi ndogo chini ya dashibodi, mahali goti linapofika. Kisha kuna cheti. Kila mwaka gavana lazima ipate cheti kutoka kwa fundi aliyeidhinishwa, na nchini kwetu cheti na kifaa vinaweza kuishi maisha mbalimbali kabisa, kama mume aliye Doha na mke aliye Kisauni. Vifaa vya siku hizi vinaweka kumbukumbu ya mwendo na kuituma kwa wakaguzi, kwa hiyo kumbukumbu nayo imeanza kupata ajali.

Hapa asiyejihadhari hupata tatizo la kimantiki. Kanuni za Michuki ziliyahusu magari ya abiria na malori mazito. Gari la binafsi halikuguswa, wala lile jeusi refu lenye vioo vyeusi linalokuja nyuma yako likiwasha taa mchana. Kwa hiyo matatu yenye gavana husogea pembeni kumpisha gavana aliye katika gari lisilo na gavana. Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi na kisheria. Itamke polepole mbele ya mgeni wako.

Mtu mwenye hasira atauliza ni nani aliyekipa kifaa na kiongozi jina moja. Jibu linatupeleka Uingereza, mwaka 1788, kwa James Watt na injini yake ya mvuke. Injini hiyo ilikuwa na tabia ya kwenda mbio kazi ikipungua na kulegea kazi ikizidi. Watt alichukua mbinu iliyokuwa ikitumika katika vinu vya upepo: mipira miwili mizito inayoning'inia kwenye mikono, ikizungushwa na injini yenyewe. Mwendo ukiongezeka, mipira hupanuka kwenda nje na mikono huvuta vali ibane mvuke. Mwendo ukipungua, mipira hushuka na vali hufunguka. Waingereza wakaiita gavana. Mwaka 1868 mwanafizikia James Clerk Maxwell akaandika makala nzima kuhusu magavana, makala ambayo hadi leo hutajwa kama mwanzo wa elimu ya udhibiti wa mitambo. Alitaka kujua kwa nini baadhi hutulia na wengine hupandapanda na kushukashuka bila kukoma. Alikuwa akizungumzia mitambo.

Sasa nenda kwenye kinu chochote cha posho kijijini chenye injini ya dizeli ya mtindo wa zamani. Simama mlangoni, usikilize. Injini inanguruma kwa utulivu. Mama anamwaga debe la mahindi. Sauti inazama, kana kwamba injini imemezwa, halafu baada ya muda mfupi inapanda tena hadi pale pale ilipokuwa, ila sasa kwa uzito. Iliyofanya hivyo ni gavana. Imeona mzigo umeongezeka, ikaongeza mafuta. Mahindi yakiisha, itapunguza, maana bila hivyo injini itakimbia hadi ijivunje.

Ninaling'ang'ania jambo hili kwa sababu linatufunulia kwamba gavana ya matatu ni nusu gavana. Yenyewe inajua kukataza tu. Gavana kamili ina kazi mbili, kubana pasipo na mzigo na kuachia mafuta penye mzigo, na fundi wa kinu ambaye hakumaliza darasa la saba huitambua mbovu kwa kusikiliza tu: ile inayoachia dizeli nyingi wakati hakuna mahindi, na ikibana mama anapofika na debe. Ukishamsikia fundi huyo akieleza, huwezi tena kusoma ripoti ya Msimamizi wa Bajeti kuhusu matumizi ya kaunti, na safu zake mbili za safari na za dawa, bila kusikia ule mngurumo.

Gavana wa tatu huvaa suti ya kijivu na hasemi sana. Ni wa Benki Kuu. Huyu kwa kweli ndiye aliye karibu zaidi na mipira ya Watt: bei zikipanda mbio, hupandisha kiwango cha riba ili mikopo ibanwe, biashara zikizubaa, hukishusha. Kenya na Tanzania zilianzisha benki kuu zao mwaka 1966, baada ya kuachana na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Utamkuta mfukoni mwako, maana sahihi yake iko kwenye noti. Aghalabu hupita mitaani bila kutambuliwa, isipokuwa pale anapofanya kama alivyofanya Patrick Njoroge tarehe 1 Juni 2019 mjini Narok, mbele ya umati wa Madaraka: alitangaza kwamba noti za zamani za shilingi elfu moja zingekufa mwisho wa Septemba. Wenye magodoro mazito hawakulala vizuri miezi hiyo. Njoroge huyo huyo alipoteuliwa mwaka 2015 alikataa nyumba ya kifahari aliyotengewa, jambo lililowachanganya Wakenya kiasi kwamba wengine walidhani ana mpango.

Wakati wake Bunge liliamua kuzifungia benki gavana yake lenyewe. Kuanzia Septemba 2016, riba ya mkopo haikuruhusiwa kupita kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya asilimia nne. Benki zikafanya kama dereva wa matatu anavyotishia kufanya: ziliegesha. Mama mboga na fundi seremala wakaambiwa mikopo hakuna, fedha zikakopeshwa serikali, na mwaka 2019 waya ukakatwa rasmi.

Ukivuka mpaka wa Namanga, vua mazoea. Tanzania haina gavana wa eneo. Ina mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya, ambao huteuliwa na hawapigiwi kura. "Gavana" peke yake, bila kitambulisho chochote, ni wa Benki Kuu, na cheo hicho kimechapishwa kwa Kiswahili kwenye noti, karibu na cha Waziri wa Fedha. Mkenya aliyeko Dar es Salaam akisikia gavana ametoa onyo kali, asiulize wa kaunti gani. Gavana wa kwanza wa benki hiyo, Edwin Mtei, baadaye aliushika uwaziri wa fedha, akajiuzulu mwaka 1979 kwa kutofautiana na Mwalimu Nyerere juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, kisha akawa miongoni mwa waasisi wa CHADEMA. Kwa hiyo hata huko gavana huweza kugeuka kitu kingine ukikaa naye muda mrefu.

Burundi utasikia "buramatari". Hilo ni jina la gavana wa mkoa kwa Kirundi, na historia yake yaweza kumkosesha mtu hamu ya kugombea. Bula Matari, mvunja mawe, ndilo jina alilopewa Henry Morton Stanley na watu wa Kongo ya chini alipokuwa akipasua miamba kutengeneza njia. Jina likahamia kwa dola yenyewe ya wakoloni, likapanda ziwa, likaishia mlangoni pa ofisi ya mkoa. Mwaka 2025 mikoa 18 ya Burundi iliunganishwa ikawa 5, na wavunja mawe wakapungua kwa kiwango hicho hicho.

Kongo mambo si ya kuchekesha. Tangu Mei 2021 Ituri na Kivu Kaskazini zimekuwa chini ya magavana wa kijeshi kwa amri ya dharura, na waasi wa M23 walipouteka Goma Januari 2025 walimweka gavana wao. Huko swali la gavana yupi linaweza kuulizwa na mtu mwenye bunduki, na mwongozo huu hauna jibu lake.

Oman tutakutana na ndugu wa zamani. Anayetawala wilaya ni wali, na juu yake yupo muhafidhi wa mkoa. Mtu wa Mombasa hahitaji kufafanuliwa: liwali ni huyo huyo wali, aliyekuwa na ofisi yake pwani yetu kwa jina la Sultani wa Zanzibar hadi Ukanda wa Pwani ulipokabidhiwa Kenya mwaka 1963. Gavana Mwingereza alikaa Nairobi, kwenye nyumba ambayo sasa ni Ikulu, akivaa kofia ya manyoya siku za gwaride. Ndiye, kwa jina la Evelyn Baring, aliyetangaza hali ya hatari Oktoba 1952. Mzee aliyefungwa Manyani miaka hiyo akisikia vijukuu wakishangilia "gavana! gavana!" uwanjani, mwache ajikune kichwa kwa amani.

Hatari ndogondogo nitazitaja kwa haraka. Barua ya shule ya sekondari ya Kenya ya kabla ya 2013 ikikuita mbele ya bodi ya magavana, usitafute tai mpya. Ni wazazi, mstaafu mmoja na mchungaji, ambao sheria ya elimu ya mwaka huo iliwapa jina la bodi ya usimamizi. Nigeria ina magavana 36, na Katiba yao inawakinga wasishtakiwe wakiwa madarakani, kwa hiyo usiilete Abuja hadithi ya Embu ukadhani itawachekesha. Marekani wana 50, mmoja wao aliwahi kuwa Arnold Schwarzenegger.

Uingereza kwenyewe, neno lilikotoka, ndiko penye utelezi mkubwa zaidi. Mkuu wa gereza huitwa gavana. Ukialikwa na gavana huko, uliza kwanza ni chakula cha mchana tu au ni pamoja na malazi. Halafu kuna dereva wa teksi wa London, wa mtindo wa zamani, ambaye atakuita gavana wewe mwenyewe mara tu utakapofunga mlango. Usiape, usitangaze zabuni, usiwapungie mkono watu walio kando ya barabara. Mtajie unakokwenda, na ukifika lipa nauli.